Zoltán Kodály: aliyeanzia kwenye michezo ya watoto

Mwezi uliopita nilipangiwa utume wa kufundisha nyimbo watoto wa Utoto Mtakatifu. Mimi na shahada yangu ya falsafa nikajaza solfa ubao mzima. Hazikupita dakika 10, nusu yao walishatoka nje wanacheza ukuti, tena wanaimba vizuri kuliko nilivyokuwa nawafundisha! Niliona aibu kweli. Ndipo nikamkumbuka Kodály.

Alizaliwa Kecskemét, Hungaria, mwaka 1882. Baba yake alifanya kazi reli, kwa hiyo walihamahama. Alikulia Galánta, halafu Nagyszombat, alikoimba kwaya ya kanisa kuu. Tangu 1905 akawa anazunguka vijijini kukusanya nyimbo za wakulima, na rafiki yake Béla Bartók naye akaingia kazi hiyo. Psalmus Hungaricus ya 1923 ilimpa jina kubwa. Angeweza kuishia hapo, lakini mwaka 1925 akaanza kutungia kwaya za watoto.

Kumbe kwake ubao ulikuja mwishoni. Mtoto aanze na wimbo wa kwao, auimbe akiucheza: kwenye duara, au kupita chini ya daraja la mikono. Nyingi za nyimbo hizo zinasimama juu ya sauti chache tu, mara nyingine so na mi basi, kama mtoto anavyomwita mwenzake kwa mbali. Sikio likishazoea, ndipo sauti inapewa jina, kisha ishara ya mkono, kisha maandishi. Yeye na wanafunzi wake walichukua ishara hizo kwa Mwingereza John Curwen, huyohuyo ambaye d r m zake zimejaa kwenye makaratasi ya kwaya zetu! Yaani kifaa ni kilekile, ila mimi nilikishika kwa nyuma.

Mwaka 1945, Budapest ikiwa imezingirwa na vita, Missa Brevis yake iliimbwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kuwekea makoti cha jumba la opera. Mwaka 1950 shule ya msingi ya kuimba ikaanzishwa Kecskemét. Mwaka uliofuata ukatoka mkusanyo mkubwa wa muziki wa Kihungaria, na juzuu la kwanza kabisa lilikuwa la michezo ya watoto. Profesa mzima, karibu miaka 70! Alifariki Budapest tarehe 6 Machi 1967.

Jumamosi iliyofuata sikugusa chaki. Niliwaomba watoto wanifundishe ukuti, wakacheka, "Frateri" akaanguka mara mbili. Utukufu bado hatujauanza, ila so na mi tunazo.