Hoagland: Daktari aliyefumbua siri ya protini

Anayekula githeri Nyeri, Karatina au Nanyuki hupata protini za mahindi na maharagwe, ambazo tumbo huzivunja kuwa asidi amino. Namna seli zinavyoziunganisha upya ilikuwa fumbo kwa wanasayansi hadi miaka ya 1950. Mmoja wa waliolifumbua ni Mmarekani Mahlon Hoagland.

Alizaliwa Boston mwaka 1921, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard akikusudia kuwa daktari wa upasuaji. Kifua kikuu kilizima ndoto hiyo. Alihitimu mwaka 1948, akaelekea maabarani.

Katika hospitali ya Massachusetts General, akishirikiana na Paul Zamecnik, alichunguza maini ya panya. Humo aligundua vimeng'enya vinavyozitia asidi amino nishati. Bila nishati hiyo haziwezi kuungana kuwa protini. Baadaye wawili hao walitambua molekuli zinazozibeba hadi mahali protini zinapoundwa.

Hoagland alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 87. Tuzo ya Nobel haikumfikia, ingawa ugunduzi wake ungali msingi wa somo la baiolojia.