Apolo Kaggwa na Jumapili ya Mengo

Mpendwa msomaji, wewe wa Tumsifu Yesu Kristo na wewe wa Bwana Yesu asifiwe, salamu zote mbili zikufikie asubuhi hii.

Kama unakaa Magomeni, iwe Mapipa, Mikumi au Kagera, pengine umewahi kumwamsha kijana wako alfajiri aende JKT baada ya kumaliza kidato cha sita. Ulimnunulia raba na bukta, ukamwombea, ukamsindikiza stendi. Ulijua atarudi amekonda kidogo, ana hadithi za kwata. Sasa fikiri angeambiwa huko kambini kwamba mafunzo yamekwisha, vita ni kesho, na anayemlenga upande wa pili ni kijana aliyekuwa akisali naye.

Hayo yalimpata Apolo Kaggwa wa Buganda. Alizaliwa miaka ya 1860 na akaingia kasri ya Kabaka akiwa bado kijana mdogo. Kasri ile ilikuwa shule na kambi kwa pamoja. Vijana walijifunza kuhudumu, kupeleka ujumbe, na baadaye kushika bunduki. Humo humo wengi walijifunza kusoma Injili, na kabla haijachapwa kwa Kiganda waliisoma kwa Kiswahili hiki hiki chetu, kilichotoka Unguja. Waliitwa wasomaji, kama ninavyokuita wewe hapa.

Habari za mwaka 1886 unazijua, hasa kama umewahi kwenda kuhiji Namugongo. Kabaka Mwanga, ambaye naye alikuwa kijana tu, aliwaua Charles Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana siku moja. Kaggwa alikuwa Mwanglikana. Alipigwa, akaachwa hai. Tena muda si mrefu Mwanga huyo huyo akawapa vijana wasomaji bunduki na vikosi, na Kaggwa akakabidhiwa ghala la mfalme na vijana wake.

Mwaka 1888 vikosi hivyo, Wakristo na Waislamu, viliungana kumng'oa Mwanga. Wiki chache baadaye Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini. Wewe ambaye jirani yako hukuletea futari kila Ramadhani, usikimbilie kulaumu upande mmoja. Soma kwanza hadi mwisho.

Wakristo walikimbilia Nkore kwa mfalme Ntare. Kule Wakatoliki na Waanglikana walikuwa wakimbizi pamoja. Jemadari wao alikuwa Mkatoliki, Honorat Nyonyintono, na vijana wa Kianglikana walimfuata bila neno. Alipouawa vitani mwaka 1889, uongozi ukamwangukia Kaggwa, na sasa ikawa zamu ya Wakatoliki kumfuata Mwanglikana. Mwanga, aliyekuwa amekimbilia kusini ya ziwa na kupokewa na mapadre wa Bukumbi, huku kwetu karibu na Mwanza, akarudishwa kitini na vijana wale wale aliowahi kuwatesa. Kaggwa akawa Katikiro, waziri mkuu, akiwa na umri wa kama miaka 25.

Ningependa habari iishie hapo. Lakini adui wa pamoja alipoondoka, walianza kuhesabiana: nani kapata cheo, nani kapata shamba, nani yuko na Wafaransa na nani yuko na Waingereza. Mapema mwaka 1892 ugomvi juu ya bunduki moja ukamwacha Mwanglikana mmoja amekufa mikononi mwa Mkatoliki. Mwanga akaamua muuaji hana hatia. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza hakukubali, akawagawia Waanglikana bunduki kwa mamia.

Januari 24, 1892 ilikuwa Jumapili. Siku hiyo, katika vilima vya Mengo, watu waliobatizwa walipigana risasi. Kaggwa aliongoza upande mmoja. Bunduki ya mzinga ya Lugard ilifyatuliwa kutoka kilima cha Kampala, Wakatoliki wakashindwa, na kanisa lao la Rubaga likateketea. Wengi walikimbilia Buddu. Mwanga alivuka hadi Kiziba, upande wa Bukoba.

Miongoni mwa waliopigana kulikuwa na watu waliowahi kugawana chakula Nkore. Baadhi yao walikuwa wamewaona wenzao wakipelekwa Namugongo. Miaka sita tu ilikuwa imepita. Kaggwa alishinda, na sioni namna ya kuusafisha ushindi ule, ingawa yeye mwenyewe naona alikuwa mtu mkubwa: alikwenda London mwaka 1902, akaandika historia ya wafalme wa Buganda, akabaki Katikiro hadi 1926. Alifariki Nairobi mwaka 1927.

Jambo moja bado. Mwaka 1897 Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, aliwekwa kuwa Kabaka, na watu watatu wakateuliwa kumshikia kiti: Kaggwa, Zakaria Kisingiri, na Stanislaus Mugwanya, mkuu wa Wakatoliki. Walikaa pamoja barazani hadi Chwa alipofikia umri wa kutawala, mwaka 1914. Kutoka Mengo walipokuwa wakikutana, kilima cha Rubaga kinaonekana. Mugwanya alikuwa akikiona kila alipoingia na kila alipotoka, na Kaggwa vilevile.