William Nagenda: Mlokole aliyetimuliwa chuo cha makasisi

Neno mlokole, unalolisikia kila kona hadi Soga, asili yake ni Kiganda: maana yake aliyeokoka. Mmoja wa waliolisambaza Afrika Mashariki ni Mganda William Nagenda.

Jamaa aliacha ukarani serikalini akaenda kuhubiri Gahini, Rwanda, kisha akaingia Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, kusomea ukasisi. Huko yeye na wenzake wakawa wanaamka kabla hakujapambazuka, wanasali na kuwahubiria wanafunzi wengine kwamba ubatizo na kwenda kanisani hakutoshi kama mtu hajakutana na Yesu mwenyewe. Uongozi ukapiga marufuku. Wakagoma. Oktoba 1941 wanafunzi zaidi ya 20 wakafukuzwa, naye akiwemo.

Ukasisi ukaishia hapo; hakuwahi kuwekewa mikono. Ila Anglikana hakuihama, na wengi wangehama. Akazunguka Afrika na Ulaya akihubiri neema. Baadaye onyo lake likawageukia hata walokole wenzake: kutubu hadharani, kitu walichokipenda sana, nako kungeweza kugeuka sheria nyingine ya kumpima mtu. Hilo halikuwafurahisha wote.

Alifariki mwaka 1973.