Aristotle, maji ya moto na wavuvi wa Ponto



Kwa sisi tulio kwenye miaka ya falsafa, Aristotle ni mtihani. Asubuhi tuko naye kwenye mantiki, mchana kwenye metafizikia, na usiku tunakariri visababishi vinne kabla taa hazijazimwa. Waamini parokiani humsikia mara mojamoja, padre anapomtaja kama mwalimu wa mbali wa Mtakatifu Thomas wa Akwino. Wachache wanajua kwamba mtu huyu alitumia miaka mingi akiuliza mambo ambayo mama lishe wa Kariakoo, kuli wa bandarini na mvuvi wa Feri wanayaona kila siku. Kwa nini mafuta huelea juu ya maji? Kwa nini bahari hubeba mzigo kuliko mto? Kwa nini kimiminika kimoja huganda na kingine hukataa? Tumeona vema kusimulia maisha yake kwa kupitia mlango huo.

Alizaliwa mwaka 384 K.K. huko Stagira, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Ugiriki. Baba yake, Nicomachus, alikuwa tabibu wa Amyntas, mfalme wa Makedonia. Mtoto wa tabibu hukua akiona damu, mkojo, maziwa na dawa za kuchemsha, na baadaye alipoandika juu ya vitu hivyo aliandika kama mtu aliyeviona kwa karibu. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na mlezi aliyeitwa Proxenus. Alipofika miaka 17 alipelekwa Athene kwa Plato, akakaa katika shule yake miaka 20.

Plato alifundisha kwamba ukweli wenyewe uko juu ya vitu hivi tunavyovigusa, na kwamba macho hudanganya. Aristotle alimpenda mwalimu wake, lakini taratibu alianza kuamini kwamba akili haina pa kuanzia isipokuwa kwenye kile kinachoonekana, kinachonuswa na kuonjwa. Plato alipofariki mwaka 347 K.K., uongozi wa shule ulikwenda kwa mpwa wake Speusippus. Aristotle akafungasha. Wapo wanaosema alikwazika, na wapo wanaosema Waathene walikuwa wamewachoka watu wenye uhusiano na Makedonia. Sisi tunadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Alivuka bahari hadi Assos, pwani ya nchi tunayoiita leo Uturuki, ambako mtawala Hermias alikuwa rafiki yake. Huko alimwoa Pythias, binti wa nyumba hiyo. Kisha akahamia kisiwa cha Lesbos pamoja na rafiki yake Theophrastus, na hapo, kwa maoni yetu, ndipo mwanafalsafa alipokomaa. Kisiwa kile kina ghuba iliyoingia nchi kavu, yenye maji tulivu kama bandari yetu ya Dar es Salaam ilivyojificha nyuma ya mlango wake mwembamba. Aristotle alishinda kandokando yake akipasua samaki, akichunguza pweza, akiwahoji wavuvi. Mtu aliyetoka shule yenye heshima kuliko zote za wakati wake alikaa chini kwa watu wanaonuka samaki na kuwauliza wanajua nini. Angefika Feri alfajiri, kabla mnada haujachangamka, tunaamini angewaacha wanunuzi wakubwa akaenda kukaa na wale wanaoparua samaki.

Mwaka 343 K.K. mfalme Filipo wa Makedonia alimwita amfundishe mwanawe Alexander, aliyekuwa na miaka 13. Mengi yamesimuliwa juu ya mwalimu huyu na mwanafunzi huyu, na mengi ni hadithi tu, hivyo hatutakaa hapo. Mwaka 335 K.K. alirudi Athene akaanzisha shule yake, Lukeyo, ambako watu walijadiliana wakitembea.

Katika maandiko yake kuna kitabu kiitwacho Meteorologia, ambacho wanafunzi wa falsafa hukiruka. Ni kitabu cha mvua, mvua ya mawe, mito, bahari na vimiminika. Aristotle aliamini kwamba vitu vyote vya duniani vimeundwa kwa udongo, maji, hewa na moto, na leo tunajua sivyo. Lakini njia yake ya kuvihoji vitu ilikuwa nzuri. Alikiuliza kila kimiminika maswali yaleyale: ukipashwa joto unakuwaje, na ukipoozwa unakuwaje? Maji huwa mvuke, na kwenye baridi huganda. Maziwa hujigawa. Damu huganda ikitoka mwilini, na aliona kwamba ukiiondolea nyuzinyuzi zake haigandi tena.

Mafuta yalimsumbua. Hayachemki yakaisha kama maji, na kwenye baridi huwa mazito tu, tena yanaelea. Akasema ni kwa sababu yana hewa nyingi ndani yake. Jibu hilo si sahihi, ila swali lilikuwa la kweli, na kila nyumba ya Dar es Salaam inalijua. Mwezi Julai chupa ya mafuta ya nazi huamka imeganda nyeupe, kwa kuwa mafuta hayo huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za sentigredi, na ya alizeti yaliyo kando yake yanabaki yakimiminika. Kwa hoja hiyohiyo ya hewa alieleza kwa nini mbao huelea, kisha akasimama kwenye mti mmoja unaozama, mti mweusi mgumu wa nchi za mbali. Mpingo wetu ni wa jamii nyingine ya miti kuliko ule aliousikia, lakini nao huzama. Wachongaji wanalijua hilo bila kusoma Meteorologia.

Sehemu inayotupendeza zaidi ni ile ya bahari. Aristotle aliandika kwamba chombo chenye shehena ileile huweza kwenda salama baharini na kikakaribia kuzama kikiingia mtoni, na kwamba wenye vyombo wamewahi kupata hasara kwa kutolijua hili. Akatoa jaribio la kulithibitisha: koroga chumvi nyingi kwenye maji, tia yai, nalo litaelea. Akaongeza habari ya ziwa la Palestina, nasi tunaitambua kuwa ni Bahari ya Chumvi ya Maandiko Matakatifu, ambamo mtu aliyefungwa akitupwa hazami. Lakini hapo alikuwa mwangalifu kusema kwamba hayo ni ya kusikia.

Ukisimama mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na kutazama bandarini, jambo hilo limepakwa rangi ubavuni mwa meli. Kuna duara lililokatwa na mstari, na kando yake kingazi kidogo chenye herufi. Herufi F, ya maji yasiyo na chumvi, iko juu ya S, ya bahari wakati wa kiangazi, kwa sababu meli huruhusiwa kuzama zaidi kidogo ikiwa kwenye maji baridi. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, na ya maji baridi kilo 1,000. Tofauti inaonekana ndogo, lakini chombo kinachozama mita 10 baharini kitazama karibu robo mita zaidi kikiingia mtoni. Nahodha wa jahazi anayeingia mto Rufiji ameshika somo hili kwa mgongo, pengine na kwa hasara.

Aristotle aliandika pia kwamba maji ya bahari yakifukizwa na mvuke wake ukapoozwa, yanayopatikana ni maji matamu. Hilo alisema alilijaribu, na ni kweli. Kisha akaenda hatua moja mbele na kudai kwamba divai nayo ikifukizwa hutoa maji matupu. Hapo mpika gongo yeyote angemcheka. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78, kabla ya maji, nacho ndicho hutangulia kupita kwenye bomba. Tukimsoma kwa makini tunaona mtindo: anaposimama kwenye walichokiona wavuvi na mabaharia, mara nyingi yuko sawa, anapovuta jambo ili litoshe kwenye mfumo wake, huteleza.

Ndipo tunafika kwa wavuvi wa Ponto, kando ya Bahari Nyeusi. Aristotle anasimulia kwamba watu hawa walipopiga kambi juu ya barafu ili wavue, walimwagia maji ya moto kuzunguka fito zao, wakiitumia barafu kuzishika wima. Walitumia ya moto kwa sababu, walisema, huganda upesi kuliko ya baridi. Yeye aliwaamini. Alitoa sababu yake, kwamba joto na baridi hukabiliana na kila kimoja hukaza nguvu za mwenzake, na sababu hiyo haikudumu. Habari yenyewe aliiacha imeandikwa.

Kitabu kilisafiri. Katika karne ya 9 kiliwekwa katika Kiarabu huko Baghdad, na karne ya 12 Gerard wa Cremona akageuza sehemu yake kuwa Kilatini. Mwaka 1210 sinodi iliyofanyika Paris ilikataza kufundisha vitabu vya Aristotle vya maumbile, lakini kufikia mwaka 1255 vilikuwa vya lazima chuoni hapohapo. Mdominikani William wa Moerbeke alikitafsiri upya kutoka Kigiriki, na Mtakatifu Thomas akaanza kukifafanua, asikimalize. Kilichofuata kinasikitisha. Jina la mtu aliyekaa na wavuvi likageuka kuwa fimbo ya kuwanyamazisha walioona jambo jipya. Kisha, zama za sayansi mpya zilipomtupa, habari ya maji ya moto ikatupwa pamoja naye.

Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza askrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kusubiri yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, akayaweka yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake muuza askrimu wa Tanga alimweleza kwamba wao hufanya hivyo kila siku ili wamalize haraka. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haipo kwa watu wengine.

Akaja mgeni, Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Mpemba alisimama mbele ya wanafunzi wote akauliza tena, wakacheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba ya moto yametangulia kuganda, akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Osborne na Mpemba walichapisha makala pamoja, na jambo hilo sasa linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kutosha, na wengine wanaendelea kutafuta sababu katika mvuke unaopotea na namna maji yanavyozunguka chomboni.

Tumekwenda mbele sana, turudi kwa mwenyewe. Kuna jambo hatuwezi kuliruka sisi watu wa pwani ambao minyororo ya Bagamoyo bado inasimuliwa. Aristotle aliandika kwamba wako watu walio watumwa kwa maumbile yao. Aliyewasikiliza wavuvi kuhusu barafu hakuwasikiliza watumwa kuhusu utumwa, na maneno yake yalikuja kutumiwa na wafanya biashara ya watu kwa karne nyingi. Hatuoni sababu ya kumtetea.

Alexander alipofariki mwaka 323 K.K., Athene iliwageuka Wamakedonia. Aristotle alishitakiwa kwa kutoheshimu miungu, shitaka lililomuua Sokrates. Hakusubiri kesi. Alikwenda Chalcis, kwenye shamba la upande wa mama yake, akafa mwaka uliofuata kwa maradhi, akiwa na miaka 62 hivi.

Wosia wake umehifadhiwa. Pythias alikuwa amekwisha kufariki, na Aristotle aliagiza mifupa yake iwekwe pamoja na ya kwake, kama mwenyewe alivyotaka. Herpyllis, aliyeishi naye baadaye, alipewa mali na kuachiwa achague nyumba ya kukaa. Watumwa kadhaa waliotajwa kwa majina wapewe uhuru, baadhi yao siku binti yake atakapoolewa. Wale vijana waliomhudumia asiuzwe hata mmoja, na wakifikia umri waachwe huru kama wamestahili. Shule ilibaki mikononi mwa Theophrastus, yule aliyekuwa naye Lesbos kando ya ghuba, na vitabu vikabaki naye.