Michio Suzuki: Seremala aliyeacha jina kwenye kirikuu

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba anayeteremsha magunia yake kwa kirikuu huliona jina la Suzuki kila siku. Wengi hulijua kama jina la gari tu. Kumbe ni jina la mtu, tena mtoto wa mkulima wa pamba.

Michio Suzuki alizaliwa Februari 1887 kijijini, eneo la Hamamatsu, nchini Japani. Alipofika miaka 14 alipelekwa kwa fundi seremala kujifunza kazi kwa mkataba wa miaka saba. Vita ya Japani na Urusi ya 1904 hadi 1905 ilipopunguza kazi za ujenzi, fundi huyo aligeukia kutengeneza mitambo ya kufumia nguo. Kijana naye akaupata ufundi huo.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1908, alimtengenezea mama yake mtambo wa mbao unaoendeshwa kwa kukanyaga, ili apunguze kazi ya mikono. Majirani wakauona, wakataka na wao. Oktoba 1909 alifungua karakana yake Hamamatsu, na mwaka 1920 ikawa kampuni. Baadaye mitambo yake iliuzwa hadi Asia ya Kusini Mashariki, kufumia nguo za kujifunga kiunoni, jamii ya kikoi.

Hata hivyo, mitambo hiyo ilikuwa imara mno. Aliyenunua mmoja hakuhitaji mwingine kwa miaka mingi. Michio akaona kuwa kutegemea bidhaa moja ni hatari, na mwaka 1937 akaanza kujaribu gari dogo. Vita Kuu ya Pili ikamkatiza. Soko la nguo lilipoporomoka mwaka 1951, kampuni ilibidi ipate bidhaa nyingine. Mwaka 1952 ilitoa baiskeli yenye injini ndogo, na mwaka 1955 gari dogo la Suzulight.

Michio aliachia uongozi mwaka 1957, akiwa na miaka 70. Gari la mizigo la Carry lilitoka mwaka 1961 chini ya waliomrithi, lakini lilifuata njia yake ya kumpa mtu wa kipato kidogo chombo kinachotosha kazi yake. Alifariki Oktoba 1982 akiwa na miaka 95.

Gari hilo ndilo Watanzania waliloliita kirikuu. Yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hufuata sheria ya huko ya magari madogo: urefu usiozidi mita 3.4, upana mita 1.48 na injini isiyozidi sentimita za ujazo 660. Usukani uko kulia kama huku kwetu, injini iko chini ya viti, na bodi hufunguka pande tatu, hivyo kupakia ndizi au kushusha mbolea ni rahisi. Wembamba wake unafaa barabara za Milima ya Upare, ambako lori kubwa hupata taabu kwenye kona. Kwa mwenye shamba mlimani, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne linafaa zaidi wakati wa mvua.

Lakini sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha mzigo: kilo 350. Hayo ni magunia matatu ya kilo 100 na nusu ya gunia. Yakiwa ya lumbesa, hata matatu yanaweza kuzidi. Anayepakia kumi ili aokoe safari moja, faida yake huishia kwenye springi, klachi na matairi. Tena wakati wa kuteremka, uzito huo wote hubebwa na breki, na hapo kinachopotea huenda kisiwe mzigo peke yake.

Kabla ya kununua, mkulima apige hesabu ya mzigo wake wa wiki. Kama ni wa kilo 300 kila safari, kirikuu itamlipa. Kama ni wa tani, ni nafuu akodi lori pamoja na wenzake. Seremala wa Hamamatsu alianza kwa kuitazama kazi ya mama yake, ndipo akachonga mbao.