F. M. Alexander na Sauti Iliyopotea

Mwalimu asimamaye mbele ya watoto hamsini tangu asubuhi hadi mchana hujua maana ya sauti kukauka. Ndiyo maana tumeona vema wanachuo wayafahamu maisha ya Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa mwaka 1869 karibu na Wynyard, katika kisiwa cha Tasmania, Australia.

Kazi yake ilikuwa kughani mashairi na tamthilia jukwaani. Angali kijana, sauti ikaanza kumkauka. Daktari alimshauri aipumzishe. Akaipumzisha majuma mawili, akapanda jukwaani na sauti safi, na kabla hajamaliza ikapotea tena. Hapo akajiuliza: ikiwa kunyamaza humponya na kughani humdhuru, je, si kuna jambo alitendalo yeye mwenyewe aghanipo? Daktari hakuweza kumwambia ni jambo gani.

Akasimama mbele ya kioo. Aliona kwamba aanzapo tu kughani huvuta kichwa nyuma, hukandamiza koo, na huvuta pumzi kinywani kwa kishindo. Alidhani dawa ni nyepesi: kupeleka kichwa mbele. Lakini alipoongeza vioo viwili pembeni alistaajabu. Wakati alipokuwa na hakika kwamba kichwa ki mbele, kumbe bado alikuwa akikirudisha nyuma! Mazoea yalikuwa yamemfanya alihisi kosa kuwa ndilo sawa. Uchunguzi huo ulimchukua miaka. Mwishowe alijifunza kusita kwanza, kuielekeza shingo ilegee na mgongo urefuke bila kukazwa, ndipo aamue kama ataghani, atainua mkono tu, au hatafanya lolote.

Mwaka 1904 alihamia London. Alifundisha kwamba akili na mwili havitengeki, na kwamba anayekimbilia tokeo bila kuangalia njia hurudia kosa lilelile kwa nguvu zaidi. Basi ile amri yetu ya kila siku ya kuwataka watoto wakae wima, kwake ilikuwa bure: mtoto hukaza mgongo, huzuia pumzi, na punde huinama tena asijue alikosea wapi.

John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alikuwa mwanafunzi wake na aliandika dibaji za vitabu vyake. Mwaka 1924 darasa dogo la watoto lilianzishwa kwake London, likiongozwa na Irene Tasker. Humo watoto walijifunza kusoma na kuandika kama kwingine, ila namna ya kuketi na kushika kalamu ilitangulizwa mbele ya kumaliza zoezi.

Hatumsifu kwa yote. Kitabu chake cha mwaka 1910 kina maneno ya kudharau watu aliowaita washenzi, nasi hatuwezi kuyafumbia macho. Hata hivyo, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2008, uliohusu wagonjwa 579 wa maumivu ya mgongo, ulionyesha kwamba waliopata mafunzo 24 ya njia yake walikuwa na siku chache zaidi za maumivu mwaka mmoja baadaye kuliko waliopata matibabu ya kawaida tu.

Alexander alifariki London mwaka 1955, mwenye umri wa miaka 86, akiwa bado anafundisha.