Fundi wa nguo aliyeruka kutoka Mnara wa Eiffel

Kuna filamu fupi ya zamani, haina sauti, ambayo huenda umeiona mitandaoni. Jamaa mwenye masharubu anajigeuza mbele ya kamera akionyesha koti lake kubwa ajabu, kisha anaruka kutoka Mnara wa Eiffel. Wengi hucheka. Lakini jamaa alikuwa na wazo zuri tu.

Anaitwa Franz Reichelt. Alizaliwa 1878 huko Bohemia, ambako leo ni Jamhuri ya Czech. Mwaka wa 1898 akahamia Paris, akafungua duka la kushona nguo za wanawake, na 1909 akapata uraia wa Ufaransa.

Enzi hizo ndege zilikuwa kitu kipya na marubani walikuwa wanakufa ovyo. Kuanzia 1910, Reichelt akaanza kushona suti ambayo rubani angeivaa kama nguo, kisha ifunguke iwe parachuti akiruka.

Mwanzoni mambo yalikuwa poa. Alirusha sanamu kutoka orofa ya tano, zikatua vizuri. Shida ilianza alipotaka kuifanya suti ivalike: sanamu zikawa zinadondoka kama mawe. Wataalamu wa Aéro-Club de France wakaiona, wakamwambia haina nguvu ya kutosha, aachane nayo. Hakusikia. Akajaribu mwenyewe kutoka kimo kifupi. Mara moja akaokolewa na majani makavu, mara nyingine akavunjika mguu. Yeye akaamini tatizo ni kimo tu, kwamba akiruka kutoka juu zaidi, suti itapata muda wa kufunguka.

Akaomba ruhusa ya kutumia Mnara wa Eiffel. Polisi wakakubali, wakijua atarusha sanamu. Asubuhi ya Februari 4, 1912, akafika akiwa ameivaa suti mwenyewe. Kulikuwa na baridi kali na upepo. Waandishi wa habari wapo, kamera zipo. Marafiki wakamsihi atumie sanamu, akakataa. Hata kamba ya usalama akaikataa.

Akapanda kwenye kiti kilichowekwa juu ya meza, mita 57 kutoka chini. Akasita kwa takriban sekunde 40. Kisha akaruka. Suti ikamkunjia mwilini, na baada ya sekunde chache tu akawa amefika chini. Alikufa akiwa na miaka 33.

Kinachouma ni kwamba suti yenyewe ilikuwa imeshamwambia ukweli, tena mara nyingi. Na kuruka kwenyewe hakukuwa wazimu: hata mwezi haujaisha, Albert Berry akaruka na parachuti kutoka kwenye ndege kule Marekani, akatua salama.

Siku hizi ukienda kuruka Diani kwa mara ya kwanza, utafungwa pamoja na mkufunzi, na kuna parachuti ya akiba. Hata mzoefu akiazima parachuti ya mwenzake, kwanza anajifunza akiwa chini: kishikio cha kuifungulia kiko wapi, cha akiba kiko wapi, anavuta kipi kwanza ikigoma. Anarudia mpaka mkono ukariri, kwa sababu ukiwa hewani hakuna muda wa kutafuta.

Kwa hivyo msee, kamera ikishawashwa na mabeste wanangoja uruke, bado unaweza kushuka kwa ngazi. Reichelt alikuwa na sekunde 40 za kufanya hivyo.